Siku Mama Alipobeba Kiondo

Kiondo kilifika juzi. Mama alimpa jirani anayekuja huku Athi River kikazi, naye akaniachia mlangoni kwa mwenye nyumba. Ndani kulikuwa na mbaazi, zile ambazo kwetu tunaziita nzuu, zimefunikwa juu kwa shati kuukuu la baba ili zisimwagike njiani. Nilizimimina kwenye sufuria, nikabaki nimekishika kile kiondo kitupu, kisha nikafanya jambo ambalo nashukuru hakuna aliyeniona nikilifanya. Niliingiza uso wangu ndani. Kulikuwa na harufu ya mkonge uliolowa jasho ukakauka, ukalowa tena ukakauka tena. Moshi wa kuni. Vumbi la nafaka. Nilikaa humo kwa muda, na nilipotoa uso nilikuwa nimesahau kwamba nasubiri simu.

Nasubiri simu ya watu walionihoji kuhusu kazi. Walisema, "Tutakupigia." Tangu siku hiyo neno hilo nimeligeuza kama mtu anayechagua nyanya sokoni, nikitafuta mahali lilipoharibika. Aliyelisema alikuwa akitabasamu, lakini alikuwa tayari amesimama. Mtu akisimama anamaanisha nini? Nimekwenda na simu hadi bafuni. Nimejipigia kwa simu ya jirani kuhakikisha kwamba yangu inalia. Mliomaliza chuo miaka hii pamoja nami mtanielewa, na wale ambao hamtanielewa, bahati yenu.

Sikuanza leo kuwaza hivi. Kiondo hiki chenyewe ni shahidi.

Nilikuwa darasa la pili, na tulikuwa tunakaa nje kidogo ya Masii. Baba alikuwa seremala. Mama aliuza vitunguu sokoni, na kwa sababu hiyo alijulikana kila mahali kwa jina la Mama Mwende au, kwa wale waliokuwa na haraka, Mama Vitunguu. Siku moja ya soko, tukirudi nyumbani, kandambili yangu ilikatika. Ardhi ilikuwa imepata moto wa mchana na nilianza kulia. Mama alikuwa na kiondo hikihiki mgongoni, kina vitunguu vilivyobaki, mkanda wake umepita kwenye paji la uso, jinsi wanawake wa kwetu wanavyobeba. Aliinama akanichukua, akanipakata kifuani, tukaenda hivyo hadi nyumbani, yeye katikati ya mizigo miwili. Nakumbuka mashavu yake yalivyokuwa yametuna kwa kupumua, na jasho lake likinidondokea shingoni.

Asubuhi iliyofuata alianguka kwenye mlango wa jikoni. Alitoa sauti ndogo tu, "mh," kama mtu aliyekumbuka jambo, kisha akajikunja akiwa ameshika tumbo. Walimpeleka hospitali kwa pikapu ya mtu wa duka, akapasuliwa.

Nilikuja kujua nikiwa mkubwa kwamba kilikuwa kidole tumbo, ugonjwa usiojali umebeba nini wala umebeba nani. Lakini wakati ule hakuna aliyenieleza na mimi sikuuliza. Kwetu mtoto hakuwa anauliza habari za ugonjwa wa mtu mzima. Susu, yaani mama yake baba, alikuwa na namna yake ya kukutazama ukianza tu kusema "kwa nini," na ukiona jicho lile ulilimalizia swali lako tumboni.

Siku ya kumtoa mama hospitali, nesi alisimama kando ya kitanda akiwa na kalamu mkononi, akampa mama masharti. "Maji usibebe. Kuni usibebe. Huko sokoni, kama ni lazima uende, kaa tu ubebewe." Kisha akaninyooshea ile kalamu. "Na huyu usimbebe."

Wakubwa walicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimefanya hesabu, na ilikuwa rahisi kuliko zile za mwalimu: siku moja alinibeba, kesho yake akaanguka, na sasa hata nesi, ambaye hakuwepo njiani siku ile, amejua.

Basi nikaanza kazi ya kupunguza uzito. Sikumwambia mtu. Muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe, ukipakuliwa nilikula kidogo, nikisema nimeshiba. Mama akikaa kwenye benchi kanisani, nilikaa mwisho kabisa wa benchi, ili lisielemewe upande wake. Akininyooshea mikono nilijifanya nafunga kiatu. Susu aliniangalia wiki nzima nikiacha chakula, akaamua ni minyoo. Alichemsha majani yake machungu, akanishika pua, akaninywesha. Niliyanywa yote. Nilidhani yatasaidia.

Mama alipona, ingawa mimi sikuliita hivyo. Niliona tu kwamba anasimama wima tena. Alianza kutembea alfajiri na wanawake wa sokoni hadi kanisani na kurudi. Baadaye walianza kukimbia kidogo, leso zimefungwa juu ya sketi, raba miguuni, wakipiga kelele njiani mpaka mbwa wa Masii wote wakawazoea. Hiyo ndiyo ilikuwa Klabu ya Soko. Kukimbia kwenyewe hakukunitia wasiwasi. Mtu anayekimbia amebeba nini?

Halafu yakaja yale mashindano.

Nikiyaeleza mjini watu hudhani nayatunga. Kila mwaka baada ya mavuno, klabu za kukimbia zilishindana kupokezana kutoka Wamunyu hadi mjini Machakos, wakipita mashambani na kwenye mabonde, si barabarani. Wote walikuwa watu wa kawaida waliokimbia jioni baada ya kazi. Kulikuwa na wachimba mawe wa Lukenya, walimu wa mjini, wakulima wa Yatta, na Soko la Masii. Mbio zilikuwa za kusaidia makao ya watoto yatima yaliyokuwa yakisimamiwa na masista. Na hawakupokezana kijiti. Walipokezana kiondo.

Kiondo kilianza safari kikiwa kitupu. Njiani, kila mwenye shamba alisimama kwenye ua wake na konzi ya maharagwe, au mbaazi, au mahindi, akamwekea mkimbiaji aliyempenda. Nafaka hizo ndizo zilizokwenda kwa watoto. Sheria zilikuwa mbili tu. Kiondo kibebwe kwa mkanda kichwani, awe mwanamke awe mwanamume. Na mkono ulionyooshwa haupitwi. Ukiitwa, unasimama, unapokea, unashukuru, ndipo unaendelea.

Mwaka wa kwanza walimu walikataa mambo ya mkanda. Wakakibana kiondo kwapani kama mkoba wa bibi harusi, wakachekwa kutoka Wamunyu hadi Machakos, na mwaka uliofuata walikuja na vitambaa vya kuzuia mkanda usiwachubue paji la uso.

Mshindi wa kufika kwanza alipewa beberu. Lakini kiondo kilipimwa pia, na mwenye kiondo kizito hakupewa kitu isipokuwa ruhusa ya kuwacheka wengine mwaka mzima. Watu wa kwetu walikuwa wakiitaka hiyo kuliko beberu. Klabu ikifika mapema na kiondo chepesi iliulizwa, "Mlikuja kusaidia au mlikuwa mnafukuzwa?"

Sasa mnaona shida yangu. Aliyekimbia kipande cha kwanza alibeba hewa. Aliyekimbia kipande cha mwisho alibeba Ukambani wote.

Jioni moja Kalondu, aliyeuza nyanya karibu na mama na ndiye aliyekuwa nahodha wa klabu, alikuja nyumbani. Nilikuwa nachambua maharagwe kwenye ungo.

"Mama Mwende," akasema kabla hata hajakaa, "wewe tumekupa kipande cha mwisho."

"Cha mwisho?" baba akadakia kutoka kwenye kiti chake. "Huyu? Si atafika Machakos Jumatatu. Huyu anasalimia hadi mbuzi."

"Ndiyo maana," Kalondu akasema. "Watu wa huko chini wote ni wateja wake. Watamjazia mpaka Lukenya walie."

Mama alicheka. Susu alicheka. Baba aliuliza kama beberu akipatikana yeye atapewa miguu ya supu. Nilimtazama kila mmoja usoni, nikingoja mmoja akumbuke. Hakuna aliyekumbuka. Ile kalamu, yale masharti, vyote vilikuwa vimewatoka akilini, na mimi tu ndiye niliyebaki navyo.

Nilijaribu kwa njia ya mzunguko. "Mama, hicho kiondo kitakuwa kizito?"

"Tuombe Mungu kiwe kizito," akasema.

Basi nikaomba, lakini si hivyo. Nilipiga magoti kando ya kitanda nikamwomba Mungu awafanye watu wa huko chini wawe wachoyo. Niliwataja wale niliowajua. Kwa wengine nilisema tu "na majirani zao."

Siku yenyewe Susu alinipeleka hadi mahali pa kupokezana kwa mwisho, uwanja wa shule moja ya msingi ng'ambo ya mto wa mchanga. Ni mto usio na maji isipokuwa wakati wa mvua. Siku nyingine zote ni njia pana ya mchanga mweupe, na wanawake huchimba visima humo. Watu walikuwa wengi. Mama alikuwa ameshafika, akirukaruka kidogo mahali alipo kama wengine, fulana yake imechomekwa ndani ya leso. Susu alikuwa na kitambaa kilichofungwa fundo, na sikuuliza kina nini.

Wa kwanza kutokea mtoni alikuwa mwalimu, mwembamba, anakimbia vizuri sana, kiondo kikirukaruka mgongoni kama mkia.

"Mwalimu," mtu mmoja akamwita, "umebeba nini, chaki?"

"Simama nikuwekee hata jiwe," akasema mwingine. Mwalimu aliinamisha kichwa akampa mwenzake mkanda, mwenzake akaondoka mbio.

Kisha wakaja Lukenya. Mchimba mawe wa kipande chao cha mwisho aliitwa Mutua, mtu mkubwa mwenye shingo kama ya fahali. Alipokea kiondo kilichojaa zaidi ya nusu, akakiweka mgongoni, akaanza kwenda akipiga mluzi. Baadaye kidogo akatokea Kalondu.

Kalondu hakuwa anakimbia tena. Alikuwa anatembea kwa namna ya kukimbia. Kiondo cha Soko kilikuwa kimevimba, mdomo wake umefungwa kwa uzi ili nafaka zisimwagike, na Kalondu mwenyewe alikuwa mwekundu kwa vumbi hadi kwenye nyusi. "Pokea," akasema, "pokea kabla sijakaa." Wanawake wawili walikinyanyua kutoka chini ili mama aweze kuingiza kichwa kwenye mkanda. Mama aliinama, akaupata mkanda vizuri kwenye paji la uso, akainuka.

Alipoinuka alitoa sauti. "Mh."

Ilikuwa sauti ileile ya mlango wa jikoni.

Na hapo Susu akasogea mbele, akafungua fundo la kitambaa, akalegeza uzi wa mdomo wa kiondo, akamimina humo mbaazi zote kwa mara moja. "Hizo ni za kwetu," akasema. "Nenda, mwanangu."

"Susu, usimwekee," nikasema.

"Nyamaza."

Nikakimbia. Sikuwa nimepanga. Miguu ilitoka yenyewe, nikampita mama kwenye mwinuko wa kwanza, maana alikuwa anaanza polepole, nikawa mbele yake kwenye njia ya mashambani. Pande zote mbili watu walikuwa wamesimama kwenye ua wa mkonge na makonzi yao tayari. "Ni Soko," wakasema. "Ni Mama Vitunguu. Lete hizo maharagwe haraka." Mungu hakuwa amewafanya wachoyo. Kama alifanya kitu, alifanya kinyume.

Nilimfikia mama mmoja mzee aliyekuwa na bakuli zima. "Usimwekee," nikamwambia.

"Ati?"

"Mama yangu haruhusiwi kubeba. Msimwekee. Ataanguka."

Sijui nilisema kwa sauti gani, lakini lile bakuli lilisimama hewani. Aliyekuwa karibu naye alisikia, akamwambia aliye karibu naye, na nikaona, ua baada ya ua, ile mikono ikirudi nyuma. Mama alikuja akipanda, uso umeinama chini ya mkanda, na hakuna aliyemnyooshea kitu. Alikwenda hatua kadhaa katika kimya kile. Halafu akasimama, akainua macho. Kwetu mtu akirudisha mkono mbele yako, ama umemkosea, ama umefiwa na hujaambiwa. Alitazama watu. Kisha akaniona.

"Mwende, kuja hapa."

Nilikwenda.

"Umewaambia nini hawa?"

"Kwamba hauruhusiwi kubeba."

"Nani alisema siruhusiwi?"

"Nesi."

"Nesi gani?"

"Yule wa kalamu."

Alikunja uso akijaribu kukumbuka, na niliweza kuona kwamba anamtafuta mbali sana. Nyuma yetu alikuja mtu wa Yatta na kiondo chake. "Mama Mwende," akasema akipita, "mkutano umeanza? Tuletee taarifa." Watu walicheka kidogo. Mama hakumtazama.

"Mwende," akasema, "hiyo ilikuwa ya wakati ule. Mpaka mshono ufunge. Mshono ulifunga kabla ya mvua. Nilirudi wakaniangalia, wakasema nibebe chochote nitakacho."

"Hakurudi kusema."

"Nani?"

"Nesi. Alisema usibebe. Hakurudi kusema umeruhusiwa."

Jasho lilikuwa likimchuruzika mama kutoka chini ya mkanda hadi kidevuni, na hakulifuta kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa imeshika mkanda.

"Na hayo umekuwa ukiyabeba peke yako mpaka leo?"

Sikujua kama hilo ni swali la kujibiwa, kwa hiyo nikajibu lile jingine, ambalo hakuwa ameuliza. "Ulianguka kwa sababu ulinibeba. Siku ya kandambili."

Nimefikiria mara nyingi mambo ambayo angeweza kusema. Angeweza kunieleza habari za kidole tumbo, na nisingeelewa. Angeweza kusema si kweli, na ningedhani ananipendelea. Alifanya jambo moja tu. Aliachia mkanda kwa mkono mmoja, akachuchumaa mgongo ukiwa umenyooka, jinsi wanavyochuchumaa waliobeba, akanyoosha ule mkono.

"Panda."

"Hapana."

"Panda, Mwende. Watu wanangoja."

Nilipanda. Alinikumbatia kifuani, akatulia kidogo kama anayepima, kisha akainuka. Nilisikia ile "mh" karibu kabisa na sikio langu, na kwa mara ya kwanza nikaisikia ilivyokuwa: ni sauti ya mtu anayeinua kitu. Akaanza kutembea. Nilizuia pumzi, maana niliamini kwamba mtoto akizuia pumzi anakuwa mwepesi.

"Pumua," mama akasema.

Nikapumua. Hakuanguka. Tulipita ua wa kwanza, tukapita wa pili, yeye katikati ya mizigo miwili kama siku ile, na yule mama mzee alitufuata na bakuli lake. "Sasa anaruhusiwa au haruhusiwi?" akauliza.

"Naruhusiwa, mwaitu," mama akasema, akimwita mama kwa lugha yetu. "Weka."

"Kiondo kimejaa."

"Mwekee huyu."

Basi akanimiminia maharagwe kwenye mifuko yote miwili ya gauni, na kilichobaki kwenye mikono yangu, na wale wengine wote waliokuwa wamerudisha mikono wakaanza kuinyoosha tena, wakicheka sasa, wakisukumana. Mmoja aliniwekea hindi zima. Mama alinibeba mpaka mwisho wa zile nyua, akaniweka chini taratibu, bila kunidondosha hata punje.

"Umeona?" akasema. "Haya, kimbia. Tumeachwa."

Tulifika uwanjani Machakos wa mwisho. Tuliwakuta walimu wamekaa kwenye nyasi na beberu wao, hawana jasho tena, na hakuna aliyekuwa akiwazungumzisha. Mizani ilikuwa imetundikwa kwenye goli la mpira, na katekista, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ndiye aliyekuwa akiisoma. Kiondo cha walimu kilipanda juu kwa urahisi, watu wakapiga vigelegele vya kejeli. Cha Yatta. Cha Lukenya, na Mutua akakunja mikono kifuani. Kisha wakatundika cha Soko, na goli likalia.

"Soko," katekista akasema.

Kalondu alikuwa ameletwa kwa pikapu kuja kuona mwisho. Alilala chini chali, akafungua mikono, akaanza kucheka hapohapo, maana mwaka wake wa kucheka ulikuwa umeanza.

"Ngoja, ngoja," Mutua akasema. "Nimesikia walikuwa na mtu wa ziada. Huyu mtoto ana maharagwe mfukoni. Hiyo ni klabu ya watu wangapi?"

"Basi na yeye tumpime," akasema mama. "Tumalize maneno."

Nilidhani ni mzaha. Lakini alinishika kwapani, akaninyanyua mbele ya watu wote, kwa wepesi, kama anayetundika leso kwenye kamba, akanikalisha kwenye kiondo kingine, kitupu, walichokitundika kwenye ndoano mahali pa kile cha Soko. Miguu yangu ilielea. Dunia yote ya Machakos, vilima vya Iveti, walimu, beberu, vilizunguka polepole upande mmoja, vikasita, vikarudi. Katekista alisogeza miwani.

"Huyu," akasema, "ni mwepesi kuliko kiondo chao. Mbali sana. Mama Mwende, huyu mtoto anakula kweli?"

Watu walicheka, na Mutua akakubali kwamba ameshindwa kihalali. Lakini mimi nilikuwa bado nazunguka pale juu nikifanya hesabu upya. Kiondo kilikuwa kizito kunipita. Mama alikibeba kiondo. Alinibeba mimi juu yake. Na sasa alikuwa amesimama pale chini, paji la uso lina alama nyekundu ya mkanda, anatafuna muwa aliopewa na Kalondu, anatema makapi, anaongea na masista kuhusu bei ya vitunguu. Niliirudia hesabu hiyo kutoka mwanzo, na mara zote ilitoa jibu hilohilo.

Jioni nilikula muthokoi, nikaomba nyongeza, nikaomba tena. Susu alimtazama baba.

"Si nilisema," akasema. "Ilikuwa minyoo. Ile dawa huwa inachelewa tu."

Nimekaa na kiondo hiki magotini nikiwaza yote haya. Natamani ningesema kwamba tangu siku ile niliacha kuwaza. Sikuacha. Nilijifunza jambo dogo tu, kwamba kuna makatazo yaliyokwisha zamani na hakuna mtu atakayekuja nyumbani kumtangazia mtoto. Na huwa nalisahau, ndiyo maana nahitaji harufu ya mkonge.

Simu iliita nikiwa bado nimekishika. Niliitazama kwanza, kama ilivyo kawaida yangu. Alikuwa mama.

"Kiondo kilifika?"

"Kilifika, mama. Asante. Mbaazi ziko sawa."

"Usikirudishe kitupu."

Ndivyo desturi yetu ilivyo, chombo cha mtu hakirudi kitupu. Nililijua hilo, na nilikuwa nimeanza kuliwaza tangu juzi. "Sina cha kuweka," nikasema. "Wale watu hawajapiga."

Nyuma yake nilisikia redio ya baba, na kuku.

"Weka nguo zako," akasema. "Uje nacho wewe mwenyewe, ukae kidogo. Hiyo simu si inaita hata Masii?"

"Inaita," nikasema. Kisha nikacheka ili ionekane kama mzaha. "Lakini mama, mtu mzima kama mimi, na digrii yake, nije tena kuwa mzigo kwenu?"

"Mzigo?" mama akasema. "Wewe tulishakupima zamani. Njoo."